Kaktusi inayokaa juu ya miti, na kosa langu la wiki mbili zilizopita



Leo ninaanza kwa kuomba radhi. Wiki mbili zilizopita, katika ukurasa huu huu, niliandika mistari minne tu juu ya ua ninaloliningʼiniza barazani kwangu. Nilisema ni mmea wa vijiti vyembamba vya kijani, hauna majani, hauna miiba, na hausumbui. Nilikuwa na haraka. Daftari za wanafunzi zilikuwa zinanisubiri mezani, nikaona mistari minne inatosha.

Siku nne baadaye, jioni, mama mmoja wa chama chetu alinijia na mtoto mgongoni, jicho la mtoto limevimba na limefumba. Mama huyo alikuwa amesoma maneno yangu, akatoka nje, akatazama ua wa jirani yake, akaona vijiti vyembamba vya kijani, visivyo na majani wala miiba. Akakata matawi mawili, akayapanda ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaliningʼiniza dirishani juu ya kitanda. Mtoto ana miaka mitatu. Alisimama kitandani, akavuta, kijiti kikavunjika, na maziwa ya kile kijiti yakamrukia jichoni.

Kiswahili chetu nacho kina mchezo wake: ua ni lile la kupendeza macho, na ua ni ule wa kuzunguka nyumba. Mama wa watu alichukua ua akaufanya ua. Lakini kosa si lake, ni langu. Alichokata ni mnyaa, ule ambao ndugu zetu wa Rwanda wanauita umuyenzi, na ambao wazee wetu wamepanda kuzunguka boma tangu zamani kwa sababu mbuzi hawaugusi. Maelezo niliyoyaandika yanaufaa mnyaa kuliko hata yanavyolifaa ua langu. Mimi niliyesoma biolojia na kemia pale ISP Bukavu nilipaswa kuliona hilo kabla ya kalamu kukauka.

Mtoto amepona, Mungu asifiwe. Aliyemwokoa ni bibi yake. Hakungoja mtu, hakuuliza mtu, alimlaza mtoto, akamfungua jicho kwa vidole, akawa anammiminia maji safi kikombe baada ya kikombe mpaka bidoni ya lita tano ikaisha. Ndipo wakampeleka kituo cha afya. Naomba kila mama ashike jambo hili hata kama hataki kabisa habari za maua: maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni, ni maji safi, mengi, papo hapo, kwa dakika kumi na tano au ishirini bila kuacha, kope zikiwa wazi. Usitie maziwa ya titi, usitie mafuta, usitie majani yaliyopondwa. Kisha nenda kituo cha afya hata kama mtoto ameacha kulia, kwa maana maumivu makali mara nyingine huja baada ya saa kadhaa, na jicho linaweza kuharibika wakati sisi tunadhani limetulia. Na wewe uliyemhudumia, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso wako mwenyewe.

Haya. Sasa niliandike vizuri lile nililoliandika vibaya.

Ua langu ni kaktusi, yaani lile kundi ambalo vitabu vya Kiswahili huliita dungusi kakati. Tukisikia kaktusi tunafikiri jangwa, miiba na mchanga, kama mpungate. Lakini ziko kaktusi zisizojua jangwa hata kidogo. Zinakaa msituni, juu ya matawi ya miti mikubwa, zimejishika kwenye gome na ule uozo wa majani unaokusanyika katika panda za matawi. Haziunyonyi mti. Wanafunzi wangu huniuliza hilo kila mwaka, na kila mwaka ninawaambia: mti kwao ni kitanda, si chungu. Maji wanayapata katika mvua na ukungu, chakula wanakipata katika majani yaliyooza.

Jina lake la kisayansi ni Rhipsalis baccifera. Neno la kwanza linatoka katika Kigiriki na linahusu kusuka, kama tunavyosuka vikapu, kwa sababu vijiti vyake hulegea na kuinama kama mafundo ya kusuka. La pili ni Kilatini, maana yake lenye kuzaa vitunda. Mtaalamu wa Kijerumani Joseph Gaertner ndiye aliyelipa kundi hilo jina la Rhipsalis mwaka 1788, katika kitabu chake juu ya matunda na mbegu.

Na hapa ndipo mimi mwenyewe hufurahi kila ninaposimulia darasani. Kaktusi ziko aina zaidi ya elfu moja duniani, na zote asili yake ni Amerika. Mpungate tunaouona huku uliletwa na watu. Ni aina moja tu kati ya hizo zote inayoota yenyewe, porini, nje ya Amerika, na ndiyo hii. Iko katika misitu ya milima ya Afrika, upande wetu huu na Rwanda na Burundi, iko Tanzania, Kenya na Uganda, iko Madagaska, inafika mpaka Sri Lanka. Ilivukaje bahari? Wataalamu wanabishana. Wengi wanasema ni ndege, kwa kuwa vitunda vyake ni vidogo, vyeupe, kama shanga, na ndani yake mna ute unaonata. Ndege akila, mbegu humshika mdomoni au hutoka na choo chake, naye hujifuta kwenye tawi la mti mwingine. Wengine wanasema mabaharia waliibeba melini. Kwa vyovyote, sisi tunaonunua maua ya plastiki ya Bujumbura tuna kaktusi ya kwetu milimani, na wachache tu wanajua.

Yangu ilitoka juu. Shangazi yangu anaishi milimani, na mwaka mmoja upepo uliangusha tawi la mti wa zamani karibu na shamba lake. Kaktusi ilikuwa imeningʼinia humo kama nywele za bibi asiyesuka. Akaninyofolea kifungu, akanifungia katika jani la ndizi. Nawaambieni hivi ili mjue njia iliyo halali: kilichoanguka, au kipande cha jirani. Msiende kupandia miti ya msitu kunyofoa, na katika hifadhi kama Kahuzi-Biega ni marufuku kutoa hata mche mmoja. Kifungu kimoja kinatosha kijiji kizima, kama mtakavyoona.

Ile ya kwanza niliiua. Niliipanda katika udongo mweusi wa shamba la mpunga, nikisema udongo unaolisha watu hautashindwa na ua. Nikaimwagilia kila asubuhi kama mchicha. Baada ya majuma matatu vijiti vililainika chini, vikawa kahawia, vikanuka. Udongo wetu wa tambarare unashika maji kama sufuria, na mizizi iliyozoea gome la mti na upepo ikazama. Ya pili niliipanda kwa akili kidogo.

Kwa hiyo jambo kubwa ni mahali pa mizizi. Mimi huchukua majani yaliyooza chini ya mwembe, makopo mawili. Ninaongeza kopo moja la vipande vya makala, vile vidogo vinavyobaki chini ya gunia, vilivyopondwa ukubwa wa punje ya mahindi. Kisha kopo moja la maganda ya mpunga kutoka mashineni. Tambarare hii ya Ruzizi haitakosa maganda hata siku moja. Lakini chukueni maganda ya zamani yaliyokwisha kuwa meusi, au yachomeni kidogo kwanza, kwa sababu maganda mapya yakianza kuoza ndani ya chombo yanamnyangʼanya mmea chakula. Mwenye michikichi anaweza kutia nyuzi za shina lake pia. Ukishika mchanganyiko huo mkononi na kuukamua ukiwa umelowa, unapaswa kuachana, usifanye donge. Ukifanya donge, ongeza makala.

Chombo ni bidoni ya mafuta ya lita tano iliyokatwa katikati. Toboa matundu chini, si moja, ni sita au saba, kwa msumari uliopashwa moto. Kamba tatu, fundo moja, basi. Msiweke sahani ya kukinga maji chini yake. Maji yatasimama humo, na mbu watataga mayai. Hatuna haja ya kufuga mbu wengine.

Mahali pa kutundika ndipo Katogota inapotofautiana na Bukavu. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi na ina ubaridi. Sisi tuko mamia ya mita chini yake, na anayeshuka kwa gari mteremko wa Ngomo anajua jinsi joto linavyompokea kabla hajafika chini. Mwezi wa nane na wa tisa, saa saba mchana, chini ya mabati ni tanuri. Usitundike karibu na bati. Shusha kamba mpaka chombo kiwe usawa wa kichwa cha mtu mzima, penye kivuli, mahali jua la asubuhi linapogusa kidogo kisha linaondoka. Baraza inayotazama mashariki ni nzuri. Tawi la mwembe au mwavokado ni zuri zaidi, kwa maana ndiyo nyumba yake ya asili. Jua la mchana likiipiga, vijiti vinageuka vyekundu kisha vya manjano. Ikikaa gizani mno, inarefuka nyembamba kama uzi na haitoi maua.

Maji. Hapa wengi wataiua kwa njia moja kati ya mbili. Wa kwanza watasema kaktusi haitaki maji, waisahau mwezi mzima wa kiangazi, na vijiti vikunjamane kama mkono uliokaa katika maji ya kufulia. Hii si kaktusi ya jangwa, ni ya msitu wa mvua. Wa pili watafanya kama nilivyofanya mimi. Ingiza kidole mpaka kiungo cha kwanza. Kukiwa kukavu, kikombe kimoja, jioni. Kukiwa na unyevu, acha. Kiangazi hiyo huwa mara moja kila siku mbili au tatu. Masika, chombo kikiwa nje, unaweza kupita majuma bila kufanya lolote. Najua maji kwetu ni kichwa cha binti na safari ya asubuhi, wala sitamwambia mama amwage maji ya kunywa juu ya ua. Maji uliyooshea mchele yanafaa sana. Ya sabuni hayafai.

Chakula chake ni kidogo. Kiganja kimoja cha mavi ya mbuzi yaliyokauka, katika ndoo ya maji, yalale siku mbili, uchuje, uongeze maji mpaka rangi iwe ya chai hafifu. Kikombe kimoja kwa mwezi wakati wa mvua. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba penye viungo vya vijiti, futa kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, halafu suuza. Dawa ya nyanya isiingie barazani kabisa.

Kuizalisha ni rahisi kuliko mihogo. Kata kijiti chenye urefu wa kiganja kimoja, kilaze kivulini siku mbili au tatu mpaka kidonda kikauke, kisha kichomeke katika mchanganyiko ule ule uliolowa kidogo. Usiruke zile siku za kukauka. Kidonda kibichi kikiingia penye unyevu kinaoza. Baada ya majuma machache kivute taratibu kwa vidole viwili, na kikikataa kutoka kimeshika mizizi. Vipande vitano sita katika chombo kimoja vinajaza haraka na kupendeza. Maua yenyewe msiyatarajie makubwa. Ni meupe, madogo kuliko punje ya maharagwe, yamekaa kandokando ya kijiti. Uzuri wake ni vile vitunda vya shanga vinavyofuata, na ndege wanaovijia.

Sasa, kuutofautisha na mnyaa, kwa sababu ndiyo iliyonitoa usingizi. Mnyaa husimama. Unaenda juu, unakuwa kichaka, unakuwa mti, matawi yake yanatazama mbinguni. Kaktusi hii haisimami kamwe; vijiti vyake hulegea na kushuka, na vikiwa virefu vinapita urefu wa mtu. Mnyaa ukivunjwa unatoa maziwa meupe. Kaktusi ikivunjwa inatoa maji mang'avu yenye utelezi kidogo. Ukiwa na shaka, usivunje kwa mkono karibu na uso: kata kwa kisu, mkono umeunyosha mbali, watoto wawe nyuma yako. Ukiona tone jeupe tu, hiyo isiingie ndani ya nyumba, irudi kwenye boma. Na ile miti mikubwa ya tambarareni, yenye matawi kama kinara cha mishumaa, ambayo wengi wetu tunaiita kaktusi, nayo si kaktusi. Ni ndugu ya mnyaa na ina maziwa yale yale ya hatari.

Vitunda vya kaktusi yetu havijulikani kuwa na sumu. Hata hivyo mimi nawafundisha watoto wangu kwamba kitunda ambacho mama hakukiweka sahanini hakiliwi, maana mtoto wa miaka mitatu hawezi kutofautisha kitunda na kitunda.

Limebaki swali moja ambalo nimeulizwa na wamama watatu tofauti, mmoja wao kwa sauti ya chini kana kwamba ni siri: je, si kweli kwamba mmea ndani ya chumba usiku unamaliza hewa ya mtoto? Si kweli. Mimea mingi usiku huvuta hewa ile tunayoihitaji sisi, lakini kidogo sana, kidogo kuliko mtoto mmoja aliyelala, na hatujawahi kumtoa mtoto chumbani kwa sababu anamaliza hewa ya ndugu yake. Tena kaktusi ina tabia yake. Mchana hufunga vitundu vyake ili isipoteze maji, na usiku huvifungua na kuingiza ile hewa chafu tunayoitoa sisi, inaihifadhi mpaka jua litoke. Kwa hiyo lala nayo ukipenda.

Kinachoua chumbani usiku ni mbabula. Wamama, na hili nitalirudia mpaka mnichoke. Mvua ikinyesha tunaingiza mbabula ndani ili nguo za mtoto zikauke au ili chumba kipate joto, tunafunga mlango na dirisha, tunaona makala hayana moshi, tunalala. Makala yanayowaka bila moshi hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri. Mtu hasongwi wala hakohoi. Anapata kichwa kuuma, kichefuchefu, uzito, usingizi, basi. Wengine hawaamki. Mama mjamzito na mtoto mchanga ndio wa kwanza kudhurika. Mkikuta mtu amezidiwa hivyo, mtoeni nje penye upepo kwanza, kisha mambo mengine na kituo cha afya. Yule mama aliyeniuliza kwa sauti ya chini alikuwa amelitoa ua nje akaiacha mbabula ndani.

Yule mama wa mnyaa nilimpelekea kaktusi yangu kubwa, yenye bidoni yake na kamba zake. Kwanza alikataa, akasema hataki tena kijiti cha kijani nyumbani mwake, na nilimwelewa. Mama mkwe wake, yule bibi wa maji, ndiye aliyekata kijiti kimoja kwa kisu mbele yetu, akatazama maji mang'avu yakitoka, akanusa, akasema, "Hii iacheni." Iko barazani kwao sasa, upande wa mashariki, juu kuliko mkono wa mtoto.

Nimebaki na vipande kumi na vinne vilivyokwisha kukaushwa. Anayetaka aje siku ya posho baada ya mkutano wa chama, na bidoni yake iliyokatwa na kutobolewa tayari. Makala na maganda nitakuwa nayo. Na mwenye mnyaa katika kopo dirishani, kwa sababu ya mistari yangu minne, aje nao pia, ameushika mbali na uso, tumbadilishie.